Kikapu cha Manyasi: Neno kwa Wazazi

Masomo: Kutoka 2:1–10, Waebrania 11:23, Warumi 14:1–12



Mwezi huu napenda tutazame pamoja jambo ambalo limekaa kimya mioyoni mwa wazazi wengi tangu mwaka 2020, nalo ni ule uamuzi wa kumrudisha mtoto shuleni au kumweka asome nyumbani wakati wa ugonjwa wa korona. Huenda mtu akasema, “Mambo hayo yamekwisha, ya nini kuyafufua?” Nami najibu kwamba hayajakwisha. Barakoa tumezivua, lakini wako wazazi ambao wakilala usiku bado wanajihukumu kwa lile walilolichagua. Wako na majirani ambao hadi leo salamu zao ni za juu juu tu, kwa kuwa mmoja alipeleka mtoto na mwenzake akazuia.

Tena maradhi hayajaisha duniani. Mwezi wa Novemba 2022 wenzetu wa Uganda walifunga shule wiki mbili kabla ya wakati kwa sababu ya Ebola. Mwanzo wa mwaka 2024 Zambia ilichelewesha kufungua shule kwa sababu ya kipindupindu. Na hapa kwetu Kenya, mwaka huo huo wa 2024, mafuriko yalichelewesha muhula wa pili. Basi swali hili litarudi mlangoni petu siku moja, na ni heri litukute tumekwisha kulitafakari mbele za Mungu.

Tukumbuke ilivyokuwa. Tarehe 13 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza alitangazwa katika nchi yetu. Siku mbili baadaye, Jumapili, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kufungwa kwa shule. Za kutwa zikafungwa kesho yake, na wa bweni wakatakiwa wawe wamefika makwao ifikapo Jumatano. Tanzania nao wakaanza kufunga tarehe 17 mwezi huo. Katika ulimwengu mzima, kwa hesabu ya UNESCO, wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 walitoka madarasani. Tanzania walifungua shule zote tarehe 29 Juni 2020. Sisi tulirudisha kwanza gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne tarehe 12 Oktoba, na wengine wote tarehe 4 Januari 2021. Uganda hawakufungua kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022.

Katikati ya miezi hiyo masomo yaliletwa kwa redio na televisheni, na shule zilizojiweza zikafundisha kwa intaneti. Kisha milango ilipoanza kufunguliwa, mzazi akasimama njia panda. Ugonjwa ulikuwa bado upo, na chanjo ilikuwa haijafika. Akimpeleka mtoto, huenda akaleta homa nyumbani kwa bibi yake mzee. Akimzuia, huenda akapotewa na masomo, na pengine akapotewa na mtoto mwenyewe. Ndugu zetu walioko Marekani waliletewa na shule nyingi karatasi ya kuchagua: mtoto aje darasani, au asome nyumbani kwa kompyuta. Mzazi akae usiku, aweke alama kwenye mstari mmoja, kisha atie sahihi. Kwetu wengi hawakuletewa karatasi, lakini mzigo ulikuwa ule ule.

Sasa tufungue Kitabu cha Kutoka. Farao alikuwa ametoa amri kwamba kila mtoto wa kiume wa Waebrania atupwe mtoni. Akazaliwa mtoto katika nyumba ya Lawi. Mama yake, ambaye baadaye twaambiwa jina lake ni Yokebedi, akamficha nyumbani muda wa miezi mitatu. Alipoona kwamba hawezi kumficha zaidi, akatwaa kikapu cha manyasi, akakipaka lami kisipenye maji, akamlaza mtoto ndani, akakiweka katika majani kando ya mto. Dada yake mtoto akasimama mbali kidogo apate kujua litakalompata. Mwisho wake mwaujua: binti Farao alikuja kuoga, akamwona, akamhurumia, na mama yule yule akapewa mtoto wake amnyonyeshe, tena kwa mshahara.

Nataka tuone mambo manne katika habari hii.

Kwanza, kuficha kulikuwa ni imani, na kuachilia pia kulikuwa ni imani.

Mwandishi wa Waebrania anawasifu wazazi wa Musa kwa kuwa walimficha miezi mitatu. Anasema walifanya hivyo kwa imani. Basi na asiwepo mtu wa kusema kwamba mzazi aliyemweka mtoto nyumbani alikosa imani, au kwamba alimwogopa korona kuliko Mungu. Maneno hayo yalisemwa wakati ule, na yaliwachoma watu. Yokebedi alifunga mlango, na Maandiko yanaiita kazi hiyo imani.

Lakini mama yule yule, kwa moyo ule ule, ndiye aliyekwenda mtoni. Hakubadilika yeye, bali hali ndiyo iliyobadilika. Mtoto alikuwa, sauti yake ikapata nguvu, na nyumba iliyokuwa maficho ikaanza kuwa mtego. Akatambua kwamba wakati wa kuficha umepita. Basi na asiwepo mtu wa kusema kwamba mzazi aliyemrudisha mtoto shuleni hakumpenda, au kwamba alichoka naye nyumbani. Upendo uliofunga mlango mwezi wa Machi ndio uliotengeneza sare na kununua barakoa mwezi wa Oktoba.

Hapa tunajifunza kwamba uamuzi wa mzazi hauandikwi juu ya jiwe. Lililofaa mwanzo huenda lisifae baadaye. Mwenye busara hutazama tena, huuliza tena, huomba tena.

Pili, Yokebedi alikipaka kikapu lami.

Hakumtupa mtoto mtoni kisha akasema, “Mungu yupo.” Naam, Mungu yupo, lakini lami nayo ilikuwapo, na mikono ilikuwapo. Alitafuta manyasi yaliyo imara, akaziba kila tundu, akachagua mahali penye majani ambapo maji hayaendi kwa kasi. Tahadhari yake haikupunguza imani yake. Ilikuwa ndiyo imani yenyewe ikifanya kazi kwa vidole.

Wakati wa korona lami yetu ilikuwa ni sabuni na maji, barakoa, madirisha yaliyofunguliwa na nafasi kati ya dawati na dawati. Mzazi aliyempeleka mtoto alikuwa na wajibu wa kuuliza, “Je, kuna maji shuleni? Darasa lina watoto wangapi? Akipata homa nitaarifiwa?” Aliyemweka nyumbani naye alikuwa na kikapu chake cha kupaka lami: nani atakaa na mtoto mchana? Atasoma nini na saa ngapi? Ni nani anayeingia na kutoka katika nyumba hiyo wakati wazazi wako kazini? Maana nyumba nayo ina matundu yake. Wako wasichana waliotoka shuleni mwezi wa Machi wakiwa wanafunzi, na shule zilipofunguliwa walikuwa mama. Wako wavulana walioonja fedha za bodaboda na mawe ya ujenzi, wasirudi tena darasani. Anayedhani nyumba ni salama kwa kuwa ni nyumba tu, hajatazama vizuri.

Basi swali letu halikuwa tu nyumbani au shuleni. Mto ulikuwa pande zote mbili. Swali lilikuwa: je, kikapu kimepakwa lami?

Tatu, dada alisimama akiangalia.

Ndugu, mara nyingi tunampita binti huyu haraka. Hesabu 26 inatutajia kwamba dada yake Musa aliitwa Miriamu. Alikuwa msichana tu. Hakuweza kumpinga Farao, wala hakuweza kuyazuia maji. Aliweza jambo moja, kusimama na kutazama. Na saa ilipofika, alijua la kusema, kwa kuwa alikuwapo.

Mtoto wa Kikristo hakukabidhiwa wazazi wawili peke yao. Siku ya ubatizo wake wadhamini walisimama penye birika wakaahidi kwa ajili yake, na sisi tuliokuwapo tukawa mashahidi. Miriamu ni mfano wetu. Mzazi ndiye anayechagua, lakini kanisa linasimama ukingoni.

Na tuseme kweli: watoto wengi hawakuwa na kuchagua. Kuchagua kati ya darasa na kompyuta ni kwa yule mwenye kompyuta. Shirika la UNICEF lilieleza mwezi wa Agosti 2020 kwamba watoto wasiopungua milioni 463 duniani hawakuweza kufikiwa na masomo ya mbali, iwe kwa redio, televisheni au intaneti. Jambo hili si geni. Mwaka 1937 mji wa Chicago huko Marekani ulichelewa kufungua shule kwa sababu ya ugonjwa wa polio. Walimu wakafundisha kwa redio, na ratiba zikachapishwa magazetini. Ilikuwa kazi njema, lakini hata katika mji ule mkubwa walikuwako watoto ambao nyumbani kwao hakukuwa na redio. Wakati wa shida, aliyepungukiwa ndiye hupungukiwa zaidi. Mtoto mmoja alikuwa na chumba chake, simu na mwalimu wa kumwita kwa jina. Mwingine alikuwa na simu moja katika nyumba ya watu saba, nayo ikiondoka alfajiri mfukoni mwa baba aendapo kazini. Huyu wa pili anahitaji Miriamu.

Kwa hiyo nauliza: ikitokea tena, nani atasimama ukingoni katika parishi yetu? Haya hayahitaji fedha nyingi. Mdhamini amjue mtoto wake wa ubatizo anasoma wapi, na ni nani anayekaa naye mchana. Walimu wa shule ya Jumapili wawe na majina ya watoto wote na makazi yao, ili mtoto akitoweka ijulikane wiki ile ile, si mwaka unaofuata. Umoja wa Mama wajue nyumba zilizo na redio, na zile ambazo watoto wanne au watano wa jirani waweza kuketi barazani, penye upepo, wasikilize somo pamoja. Walimu wastaafu tulio nao wakumbukwe. Na yule binti aliyejifungua, asifichwe kama aibu. Sheria ya nchi yetu inamruhusu kurudi darasani, na mkono wa kumrudisha na uwe ni mkono wetu.

Nne, tusihukumiane.

Mtume Paulo aliandikia kanisa la Rumi lililokuwa limegawanyika juu ya vyakula na siku. Mmoja alikula kila kitu, mwingine alikula mboga tu. Paulo hakusema kwamba mambo hayo hayana uzito. Alisema kila mtu athibitike katika nia yake, na kwamba mtumishi husimama au huanguka mbele ya bwana wake mwenyewe. Anayekula amshukuru Mungu, na asiyekula naye amshukuru Mungu.

Wakati ule maneno mengi yalipita barazani na katika simu. Aliyepeleka mtoto akaitwa mzembe, aliyezuia akaitwa mwoga. Lakini wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Je, ulijua kwamba jirani yako ana mama mzazi mwenye ugonjwa wa sukari katika chumba cha pili? Sisi sote tulikwisha kujua kwamba maradhi haya huwalemea wazee kuliko watoto. Hata nyumba za ibada ziliporuhusiwa kufunguliwa tena mwezi wa Julai 2020, watoto walio chini ya miaka 13 na wazee waliopita miaka 58 waliagizwa wabaki nyumbani. Au je, ulijua kwamba yule mwingine ni mjane auzaye samaki tangu alfajiri, na kwamba shuleni ndipo mahali pa pekee ambapo bintiye alikuwa na mtu mzima wa kumtazama? Mmoja aliingoja siku ya kufungua kwa hofu, na mwingine akaingoja kama mkombozi, na wote wawili walikuwa wazazi wema.

Hata ndani ya nyumba moja, baba aliona hivi na mama akaona vile. Kumbukeni Hana na Elkana katika 1 Samweli. Mwaka ule jamaa yote ilikwea kwenda kutoa dhabihu, lakini Hana alitaka abaki nyumbani na mtoto mpaka aachishwe ziwa. Elkana angeweza kuamuru. Badala yake alimwambia mkewe afanye aonavyo kuwa vyema, ila Bwana na alithibitishe neno lake. Na wakati ulipotimia, Hana alimpeleka mtoto mwenyewe. Waume, jifunzeni kwa Elkana. Wake, jifunzeni kwa Hana, ambaye hakumng’ang’ania mtoto ulipofika wakati wa kumtoa.

Sasa nina neno kwa wale walioumia.

Yupo mzazi aliyemrudisha mtoto shuleni, na baada ya wiki kadhaa akamzika mama yake mzazi, wala hatajua kamwe homa ile iliingia kwa mlango gani. Yupo mzazi aliyemzuia binti yake nyumbani apate kuwa salama, na ni huko huko nyumbani ndiko alikoharibiwa. Hawa wakisikia habari ya kikapu kilichofika salama huuliza moyoni, “Na kikapu changu je?”

Ndugu yangu, tazama tena somo letu. Mwaka ule wa Farao Yokebedi hakuwa mama peke yake katika Misri. Walikuwako mama wengine wa Kiebrania, nao waliwaficha watoto wao, wakalia, wakaomba. Majina yao hayakuandikwa, na watoto wao hawakuokolewa mtoni. Je, Maandiko yanasema kwamba imani yao ilikuwa ndogo, au kwamba lami yao haikutosha? Hayasemi hivyo hata kidogo. Dhambi ya mauti yale yaliwekwa juu ya Farao, hayakuwekwa juu ya mama. Na kitabu kinasema kwamba Mungu alisikia kuugua kwao, wote, si kwa Yokebedi tu.

Mungu hampimi mzazi kwa jinsi mambo yalivyokwisha. Hakukupa ufunguo wa kesho, hivyo hatakudai hesabu ya ufunguo ambao hukupewa. Kama palikuwa na uzembe wa kweli, uungame, upokee ondoleo, kisha uinuke. Lakini kama ulitazama, ukauliza, ukaomba, ukachagua kwa nuru uliyokuwa nayo, basi huzuni yako ni huzuni, wala si hatia. Usiivike huzuni nguo za hatia. Ilete mezani pa Bwana, pamoja na mkate na divai.

Kwa maana Bwana wetu Yesu naye alipita njia hii. Alipokuwa mtoto, Herode alitaka kumwua, na Yusufu na Mariamu wakamchukua usiku wakakimbilia Misri. Hata walipoambiwa warudi, Yusufu alisikia Arkelao anatawala Uyahudi, akaogopa, akageuka kwenda Galilaya. Mlinzi wa Mwana wa Mungu alichagua njia ya tahadhari, na Mungu alimwongoza katika tahadhari ile ile. Lakini wakati ulipotimia, Mwana huyo hakufichwa tena. Alikwenda Yerusalemu kwa miguu yake, na Baba hakumzuia, ili mtoto wako na wangu asipotee, akiwa nyumbani au njiani, akiwa hai au amelala. Mahali salama pa mwisho pa kila mtoto ni mikono ile yenye makovu ya misumari.

Neno moja la kumalizia. Musa alipata elimu mbili. Stefano anasema katika Matendo 7 kwamba alifundishwa hekima yote ya Wamisri, na hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake kubwa. Lakini kabla ya hapo alikaa miaka michache kifuani pa mama yake. Na alipokuwa mtu mzima, akiwa amevaa nguo za jumba la mfalme, alitoka akawatazama watumwa matofalini, akajua kwamba wale ndio ndugu zake. Jambo hilo hakufundishwa na Farao. Basi, wazazi, mtoto akisoma darasani au akisoma kwa redio, somo hilo la kwanza ni lenu, nalo halijawahi kufungwa kwa amri yoyote: kumjua Mungu wake, na kumtambua ndugu yake.

Tuombe.

Ee Mungu Mwenyezi, Baba wa rehema, uliyemlinda mtumishi wako Musa juu ya maji, na kumhifadhi Mwanao mpendwa asishikwe na Herode: uwape wazazi wote hekima ya kujua wakati wa kuficha na wakati wa kuachilia, ulipe kanisa lako macho ya kukesha ukingoni, uwafariji waliofiwa, uwainue waliokata tamaa, na utuondolee roho ya kuhukumiana, tupate kuwalea watoto wetu katika kukucha wewe na kukupenda, siku za afya na siku za maradhi, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.